Samaki Aliyepewa Jina la Babu Yangu

Jumatatu, 9 Juni
Meza ya mlangoni iko wazi! Mkuu wa soko katangaza ataitoa Ijumaa kwa muuza samaki atakayejua kuieleza bidhaa yake kuliko wote. Eti wateja wa siku hizi wanataka maelezo. Mimi nauza kambare kando ya pipa la taka mwaka wa kumi na moja. Inzi wananijua kwa sura. Wifi yangu, mke wa kaka, anauza sato hatua tatu tu kutoka kwangu, kivulini. Leo kanicheka mbele za watu: eti wifi, hao wako na masharubu yao kama askari wastaafu, ukiwaweka mlangoni nani atathubutu kuingia? Nimemsamehe. Nimemwombea pia. Mafua tu, si zaidi.

Jumanne, 10 Juni
Nimeuliza soko zima jina kambare limetoka wapi. Hakuna ajuaye! Hata mwalimu mstaafu, mteja wangu, kakuna kichwa, kasema mama, samaki wana majina tu kama watu. Basi. Kama hakuna mwenye jibu, ni la atakayewahi. Nikawahi. Nimesema Kambare alikuwa babu yangu mzaa baba. Mvuvi wa mtoni, sharubu nne kila upande. Watu walipomwona yule samaki mara ya kwanza wakapiga kelele, jamani, huyu si Kambare huyu! Ikawa hivyo mpaka leo. (Babu alikuwa fundi cherehani. Kidevu chake kilikuwa laini kama yai.) Nimesali kuuliza kama huu ni uongo. Sijasikia katazo.

Jumatano, 11 Juni
Saa nne asubuhi soko zima linajua. Mnoa visu kaniamkia: shikamoo, mjukuu wa Kambare! Nimemaliza beseni kabla ya adhuhuri. Mkuu wa soko mwenyewe alikuja, akamtazama kambare mmoja, akanitazama mimi, akasema kweli mnafanana. Nimemshukuru Mungu. Baadaye kidogo nikaacha.

Alhamisi, 12 Juni
Balaa! Wifi kaja na kaka yangu. Kaka ana sharubu tangu ujana wake, nene kama brashi ya viatu. Wifi kamkalisha kwenye kigoda mbele ya sato, anawatangazia watu: njooni mwone, mjukuu wa kiume, damu yenyewe! Na wanangu ndio vitukuu! Watu wanamshika sharubu, naye anatulia kama mbuzi wa maonyesho. Nikamvuta pembeni. Nikamwambia kaka, wewe si unajua babu alikuwa anashona? Kanijibu bila kupepesa: alikuwa anashona siku ambazo mto umejaa, dada.

Kwa jicho kavu kabisa! Sijui tabia hii kaitoa wapi.

Ijumaa, 13 Juni
Nimeamka na toba. Kabla meza haijatolewa nikaenda ofisini, nikamwaga yote. Babu hakuvua hata dagaa. Jina silijui lilikotoka. Nimetunga. Mkuu wa soko kanisikiliza kwa huruma nyingi, kisha kasema mama, wewe mtu wa ibada, leo unamkana babu yako mzazi kwa wivu wa meza? Kanisihi nikaombe.

Nimesema ukweli mara moja wiki nzima, na ndio huo wamenikatalia.

Saa tano wifi kapewa meza. Na kwa kuwa kila anayeingia anaulizia kambare, ataanza kuuza na kambare. Alinijia kwa upole, kanishika bega: wifi yangu, hivi wewe huwa unachukua mzigo kwa nani?

Jumamosi, 14 Juni
Nimeuza wawili tu, na mmoja karudishwa. Ila nikiwa nasafisha beseni, Mungu ni mwema, limenijia! Babu alikuwa na kaka yake. Mkubwa kwake kwa miaka sita. Huyo ndiye Kambare wa kwanza, babu alimrithi jina tu! Sharubu zake, nahisi, zilikuwa tano kila upande. Kesho baada ya ibada naanza kumtangaza. Safari hii wifi na kaka hawana pa kushika. Huyu ni wangu peke yangu.