Kaimu wa Pigo Moja

Ninayo heshima kubwa kuutangazia umma kwamba Mamlaka ya Uratibu wa Waratibu imetwaa kombe la gofu la mashirika, upande wa wachezaji wawili wawili, na kwamba mapigo yote arobaini na matatu yalipigwa na Mkurugenzi Mkuu mwenyewe. Sisemi kwa kubahatisha. Mimi ndiye Katibu wa Kamati Maalumu ya Mpira Bora, na maandishi yote ninayo kabatini.

Wapo wanaosema Mkurugenzi Mkuu hajui gofu. Hao ni wale wale waliosema jengo letu halina haja ya lifti kwa kuwa lina ghorofa moja. Ukweli ni kwamba siku ya kwanza ya mazoezi alipiga hewa mara saba na mpira mara moja, na mpira huo ukaingia dirishani jikoni mwa klabu na kuua sufuria. Nilimweleza kuwa kwa upande wa hewa tayari ameiva.

Kwa msomaji ambaye hajapata bahati ya kukalia kamati, gofu ya wawili wawili huenda hivi. Nyote wawili mnapiga. Mnachagua mpira ulio bora kati ya miwili, mnakwenda pale ulipo, na nyote mnapiga tena kutokea hapo. Anayeingia shimoni kwa mapigo machache ndiye mshindi. Mchezo huu ulibuniwa ili mjuzi na asiyejua wafaidiane, jambo ambalo serikalini tumelizoea, ila huku kwetu kwa kawaida hufaidi mmoja.

Tatizo lilikuwa kumpata mjuzi. Dereva wa Mkurugenzi Mkuu ndiye aliyeleta habari.

"Katibu, umemwona yule mama anayekata nyasi? Anapiga vifuniko vya soda kwa mpini wa reki. Hatua thelathini, kifuniko ndani ya pipa. Mimi mwenyewe nimeshamlisha chakula cha mchana mara nne kwa ubishi wangu."

Mama Nyasi, kama tunavyomwita, ni mwanamke wa makamo asiye na haraka. Baba yake alikuwa mtunza uwanja wa gofu, na yeye alijifunza kutembea akiwa ameshika bendera ya shimo. Kwetu amekuwa kibarua kwa miaka tisa. Mkataba wake ni wa miezi mitatu mitatu, na kila unapokwisha tunamtaka akae nyumbani siku moja ili sheria isije ikadhani amezoea kazi.

Nilimkuta anaondoa nyasi kwenye meno ya mashine.

"Mama, taifa linakuhitaji."

"Taifa gani tena, Katibu? Juzi mmenikata siku mbili."

Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwenye kanga.

"Nitacheza. Lakini nataka barua ya ajira ya kudumu. Mama yangu ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Sasa hivi ananitambua kwa sauti tu, nikinyamaza anauliza kuna nani humu ndani. Daktari anasema ni kupasua tu, ataona. Ila kadi ya matibabu mnawapa wa kudumu."

Nikakohoa kiofisi na kulipeleka ombi juu. Mkurugenzi Mkuu alikubali papo hapo, kwa kuwa kuahidi hakuhitaji kikao. "Mwambie tukishinda nitaitia saini kabla jasho halijanikauka."

Kamati ilikaa siku mbili kupanga mkakati. Mama Nyasi aliitwa kutoa ushauri wa kitaalamu, akasimama karibu na mlango kwa sababu viti vilikuwa vya wajumbe.

"Bosi aanze yeye kupiga," alisema. "Akiharibu, hakuna neno, mimi niko nyuma naokoa. Asiwe na wasiwasi. Na tukifika kwenye zile nyasi fupi za shimoni, aanze yeye vilevile. Mpira wake utanionyesha ardhi inainamia wapi."

Pendekezo lilipita bila kupingwa, kwani haiwezekani kibarua amtangulie Mkurugenzi Mkuu popote pale. Ugomvi ulikuja kwenye ajenda ya pili. Mwanasheria wa Mamlaka alivua miwani.

"Tunasema mpira bora. Bora kwa kigezo gani?"

"Ulio karibu na shimo," akajibu Mama Nyasi.

"Mama, huo ni ukaribu. Sisi tunazungumzia ubora."

Tulijadili ubora hadi chai ya saa kumi. Hatimaye nikaandika waraka kwa mkono wangu, na sina haya kusema ni waraka uliosimama: *Mpira bora ni mpira wa mwenye cheo cha juu, popote ulipo.*

Mama Nyasi aliusoma taratibu. "Sasa mpira wangu mimi wa kazi gani?"

"Wa kumbukumbu," nikamjibu.

Siku ya mashindano wapinzani wetu wa fainali walikuwa Bodi ya Vibali, watu wawili wanene wanaocheza vizuri kwa sababu ofisini kwao hakuna kinachoendelea. Waziri alikuwepo, chini ya mwavuli. Mashimo yalikuwa tisa.

Kwenye shimo la kwanza Mkurugenzi Mkuu alisalimiana na hewa mara mbili, na hizo tuliziandika kuwa mazoezi. Mara ya tatu mpira uliondoka, ukapinda, ukatua kwenye mtaro nyuma ya vyoo. Mama Nyasi akapiga wa kwake, ukaenda ukakaa katikati ya uwanja kama mtu aliyealikwa. Tukauacha pale. Kamati nzima, na mafaili yetu, tukaelekea mtaroni.

Kutoka mtaroni Mama Nyasi alipiga mpira ukatua hatua tatu kutoka kwenye bendera. Watu wakapiga makofi. Mkurugenzi Mkuu naye akapiga, na mpira wake ukahama kutoka ukingo mmoja wa mtaro kwenda ukingo wa pili. Nikafungua waraka. Mpira bora ukawa huo wa ukingo wa pili. Shimo la kwanza lilitugharimu mapigo kumi, la pili tisa. Bodi ya Vibali walikuwa na tisa kwa yote mawili, na walikuwa wameanza kutuonea huruma, jambo baya sana kwa shirika la umma.

Hapo Mama Nyasi akaweka fimbo chini.

"Katibu, njoo kidogo." Akanivuta kando. Hakupandisha sauti. "Nyinyi mnadhani mnacheza na mpira. Mnacheza na macho ya mama yangu."

Nakiri maneno hayo yaliniingia. Mimi ni katibu lakini nina mama. Nilitaka kuufuta waraka palepale, ila waraka haufutwi bila akidi, na Mwanasheria alikuwa amekwenda kutafuta chai. Maji yalikuwa yamezidi unga. Ndipo likanijia wazo ambalo, nikifa, naomba liandikwe kaburini kwangu: mwenye cheo asipoweza, hukaimiwa.

Nikauegemea mfuko wa fimbo, nikaandika: *Unateuliwa kukaimu nafasi ya Mkurugenzi Mkuu kwa muda wa pigo moja. Uteuzi huu utakoma mpira utakapotulia.* Mkurugenzi Mkuu akatia saini, akapiga muhuri, maana muhuri hautoki mfukoni mwake hata akioga. Mama Nyasi akaipokea barua, akaikunja, akaitia kifuani, akapiga. Na kwa kuwa alikuwa Kaimu Mkurugenzi Mkuu, mpira wake ulikuwa mpira wa cheo cha juu. Tukaufuata.

Kuanzia hapo mambo yalinyooka. Mkurugenzi Mkuu anapiga kichakani, mimi naandika, yeye anasaini, Mama Nyasi anakaimu. Shimo la tatu, la nne, la tano. Kila pigo barua, kila barua nakala mbili. Bodi ya Vibali wakaacha kutuhurumia. Kufika shimo la tisa, wao walikuwa wamemaliza kwa mapigo arobaini na manne, na sisi tulikuwa na arobaini na mawili, mpira ukiwa hatua nane kutoka shimoni. Pigo moja liingie, kombe letu.

Mkurugenzi Mkuu akaanza, kama mkakati ulivyotaka. Mpira wake ukapita kushoto, ukazidi kwenda, ukasimama karibu na viatu vya Waziri. Lakini Mama Nyasi alikuwa amechuchumaa akiutazama tangu mwanzo, na niliona ametikisa kichwa kidogo kama mtu aliyeambiwa siri. Akasimama mahali pake, akainua fimbo.

"Usipige!" nikapiga kelele. "Hujateuliwa!"

Kalamu ilikuwa imekauka. Nikaitikisa, nikaipulizia, nikaipaka mate, wapi. Nikawageukia Bodi ya Vibali, ambao kila mmoja alikuwa na kalamu tatu mfukoni. Wakaniambia kuazima kalamu kunahitaji kibali, na dirisha la maombi hufungwa saa sita. Dereva ndiye aliyenirushia ya kwake, ile ya kuandikia kilomita. Nikaandika. Saini. Muhuri. Mama Nyasi akaigusa ile barua kifuani, akaulenga mpira upande wa kulia kabisa, mahali ambapo hakuna mwenye akili angelenga. Mpira ukaenda kulia, ukafikiri, ukarudi kushoto, ukaingia.

Aliyelia ni mimi. Naomba hilo lisitoke nje ya taarifa hii.

Mkurugenzi Mkuu alipokea kombe, akamshukuru Waziri, akawashukuru wazazi wake waliomlea katika michezo. Mama Nyasi alisubiri nyuma ya mwavuli hadi watu walipopungua.

"Bosi, ile barua yangu."

"Tutaliangalia, mama."

Jasho likamkauka. Wiki ya kwanza tukaliangalia, ya pili tukaliangalia, ya tatu mkataba wake ukaisha na akakaa nyumbani siku moja kama kawaida. Aliporudi nilimuuliza habari za mgonjwa. Akasema, "Sasa anauliza kuna nani hata nikiwa naongea, masikio nayo yamechoka," akaiwasha mashine ili nisiendelee.

Mimi siku hizo nilikuwa nimekamilisha Taarifa ya Ushindi, kurasa sitini, na barua za kukaimu ishirini na nne kama viambatisho. Nakala moja niliisahau kwenye meza ya Afisa Utumishi. Kesho yake nikaisahau tena palepale, nikiwa nimeifungua ukurasa wa viambatisho.

Afisa Utumishi ni mama aliyebakiza miezi minne kustaafu, na hana wa kumwogopa. Aliingia kwa Mkurugenzi Mkuu bila kubisha hodi. Mimi nilikuwepo nikiandika muhtasari.

"Mzee, kibarua hakaimu. Kanuni haimruhusu kukaimu hata nafasi ya mfagizi mwenzake. Humu umemkaimisha mara ishirini na nne, kwa saini na muhuri."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mawili. Ama huyu mama ni mwajiriwa wa kudumu tangu siku ile asubuhi, ama barua hizi ni batili. Zikiwa batili, mipira haikuwa yako. Kombe linakwenda Bodi ya Vibali, na utakayekwenda kumweleza Waziri ni wewe."

Mkurugenzi Mkuu aliangalia kombe kwenye rafu, akaniangalia mimi. Nikamsogezea kalamu. Barua ya ajira ilisainiwa saa tano na dakika kumi, na kadi ya matibabu ikatoka alasiri ya siku hiyo hiyo, kasi ambayo Mamlaka haijawahi kuifikia na imeazimia kutoirudia.

Yangeishia hapo, lakini Waziri naye ni msomaji. Alipiga simu mwenyewe.

"Nimeimaliza taarifa yako usiku mmoja, ukiacha viambatisho! Mapigo arobaini na matatu, yote yako! Na mimi nahangaika kutafuta wa kucheza naye mashindano ya mawaziri. Ijumaa, wewe na mimi."

"Mheshimiwa, ningeomba nije na kaimu wangu…"

"Kaimu wa nini? Nataka mwenyewe. Kwanza ule waraka wenu wa mpira bora nimeupenda mno. Tutautumia."

Waziri hucheza gofu kama anavyohutubia: anaanza kwa nguvu na hakuna anayejua atakapoishia. Ijumaa alianza yeye, kwa mujibu wa cheo, na mpira ukaenda moja kwa moja katikati ya bwawa. Bata wawili wakaondoka. Mkurugenzi Mkuu akafuata, akasalimiana na hewa.

"Basi wangu ndio bora," akasema Waziri kwa furaha, akikaa kwenye kiti chake cha kukunja. Mawaziri wengine wakasogea kutazama. "Karibu, bingwa. Umenusuru mipira mtaroni, utashindwa na bwawa?"

Mkurugenzi Mkuu alinishika mkono, tukajitenga nyuma ya gari. Akapiga simu. Mama Nyasi hakuwa kazini. Alikuwa kwenye likizo ya kumuuguza mzazi, siku saba, haki ya mwajiriwa wa kudumu. Nyuma ya sauti yake nilisikia bibi kizee akicheka na kusema, "Kumbe umenenepa hivi!"

"Mama," Mkurugenzi Mkuu akanong'ona, "mpira ulio ndani ya maji unapigwaje?"

"Haupigwi, bosi. Ukiingia majini unakubali umekosea, unaongeza pigo moja, unaweka mpira mwingine, unaendelea. Ndivyo ulivyo mchezo, hata watoto wanajua."

Akanitazama. Nikapekua mkoba mzima. Nilikuwa na fomu za kukaimu, za kuahirisha, za kupongeza. Ya kukubali kosa hatujawahi kuichapisha.

"Akubali nani?" akauliza kwa sauti ndogo. "Mpira si wangu. Ni wa Waziri."

Mama Nyasi akasema, kwa upole kabisa, na nadhani alimwonea huruma kweli:

"Aa. Basi vua viatu, bosi."

Akavivua, akanipa nimshikie.