Jeneza la Westville Lisilo na Marehemu

Queensburgh, Durban
3 Novemba 2015

Kwa Mchungaji Vénérand,

Mchungaji mpendwa,

Kwanza pole na safari ya Johannesburg, na hongera kwa semina. Najua umerudi jana na simu yako imekwisha kujaa picha. Nakuomba usizitazame kabla ya kuisoma barua hii, hasa ile ambayo nimelala juu ya jeneza. Nimekuwa mwenyekiti wa Kamati ya Faraja kwa miaka sita, na katika miaka hiyo hakuna mtu wa kanisa letu aliyefiwa akalala usiku wa kwanza bila kuuona uso wangu. Kwa hiyo nalalamika nikiwa na haki zote.

Habari yenyewe ni hii. Jumamosi saa nane mchana nilikuwa saluni namsuka mteja, simu ikalia. Alikuwa Cathy, yule wa sauti ya kwanza kwenye kwaya, amepita Westville ndani ya taxi. Akaniambia: "Maman Goreth, kwa Bertrand iko kilio! Jeneza iko inje, na vitambaa nyeusi ku portail, ku mlango. Vite, njoo mbio!"

Kwetu, Mchungaji, kinachoalikwa ni harusi. Msiba hauna kadi. Ukisikia unakwenda, na huulizi kwa simu ni nani amekufa, maana huko ni kumtonesha mtu kidonda. Sikuuliza. Saa kumi tulikuwa langoni kwa Shemasi Bertrand, wanawake kumi na mmoja wenye vitenge viunoni, tumeshuka kwenye pikapu ya Ndugu Athanase na viti vya kanisa, turubai, sufuria ya maharage na nyingine ya sombe, majani ya muhogo. Sijui ni kamati gani nyingine hapa Durban ingeweza. Tangu hapo nimedhulumiwa kama ifuatavyo.

1. Jeneza lilikuwepo kweli, kwenye nyasi, limezungukwa na misalaba na mishumaa. Aurélie, mke wa Bertrand, akatoka uso mweupe pe, macho yamezungukwa na weusi. Nikasema moyoni, maskini, huyu amelia tangu alfajiri. Nikamkumbatia. Kumbe ni poda. Poda hiyo imehamia kwenye kitambaa changu cheusi cha kichwani, na doa lipo mpaka leo.

2. Bertrand alikuwa amevaa koti refu jeusi. Nikampa pole, akanijibu maneno yasiyoeleweka. Mwanamume aliyefiwa hujibu hivyo hivyo, kwa hiyo sikushangaa. Baadaye ndipo nilipojua kwamba alikuwa na meno ya plastiki mdomoni, na kwamba alikuwa anajaribu kunieleza kuwa ile ni sherehe ya Halowini, siku ya kujivika mavazi ya kutisha, ambayo watoto wake wameitoa shuleni, na kwamba amewaalika majirani na vijana wa kanisa. Mtu mwenye habari nzito kama hiyo hutoa meno kwanza.

3. Tukaanza kuimba, na unatujua, tukishaanza hatuna breki. Majirani wakatoka na glasi zao mkononi, wakasimama kwa heshima, na tulipomaliza ubeti wa tatu wakapiga makofi. Miaka sita sijawahi kupigiwa makofi msibani. Bwana mmoja aliyevaa mabawa ya popo akauliza kama huwa tunakwenda pia kwenye sikukuu za kuzaliwa.

4. Watoto waliojifunika mashuka wakatujia na vindoo, wanadai kitu. Mama Sikujua, ambaye ana miaka sabini na moja na hajawahi kumnyima mtoto chakula, akawapakulia maharage. Wazazi wao wanasema vindoo vilikuwa vya peremende. Sisi hatuna kosa. Mtoto aliyeshiba hazunguki na ndoo.

5. Boga. Wamechukua boga zima, wakalikomba nyama yake yote, wakalitoboa macho na mdomo, wakatia mshumaa ndani. Nilipouliza nyama iko wapi, nikaonyeshwa pipa la taka. Wakristo hao, Mchungaji! Sina la kuongeza kwenye namba hii, bado nina uchungu.

6. Hili ndilo kubwa. Nilijitupa juu ya jeneza kama inavyopasa, kifuniko kikateleza, na ndani mlikuwa na mifupa ya plastiki. Anaïs, binti yao mdogo, akanivuta kitenge: "Tantine, usilie, ni ya plastiki. Tuliinunua." Nilimsikia. Niliiona kwa macho yangu. Lakini niliendelea kulia karibu nusu saa, mpaka wanakamati wenzangu wakaanza kutazamana. Aurélie akaketi kwenye nyasi na nguo zake za kizimwi, akanishika. Machozi mengi kiasi kile hayawezi kuwa ya mifupa ya dukani. Nasema nililizwa kwa hila, na naomba uchunguzi ufanyike.

7. Mwishoni nilipewa zawadi ya kwanza ya mavazi ya kutisha. Nilikuwa nimevaa nguo zangu za kila msiba.

Kutokana na hayo, naliomba baraza la wazee litoe uamuzi kwamba kila familia itakayoweka jeneza uwanjani iweke na marehemu. Kama marehemu hayupo, basi angalau mgonjwa mahututi mwenye kibali cha maandishi. Pili, ile mifupa imekwisha kuimbiwa, imeliliwa, na watu wamekula maharage yake, kwa hiyo matanga yamefunguliwa na ni lazima yafungwe. Ipewe jina, izikwe, na Bertrand anyolewe kichwa kama mfiwa yeyote. Tatu, avuliwe ushemasi mpaka atakapofiwa kweli. Siku hiyo nitakuwa wa kwanza kufika kwake, ili aone tofauti. Na Halowini yenyewe ipigwe marufuku kuanzia Queensburgh hadi Westville, pamoja na maboga yenye macho.

Nisalimie Mama Mchungaji na watoto, wazee wote wa kanisa, kwaya zote mbili, na Ndugu Athanase kwa petroli yake. Cathy naye msalimie, ila akapime macho.

Ni mimi, katika kazi ya Bwana na hasira ya kiasi,

Goreth
Mwenyekiti, Kamati ya Faraja

Tanbihi: Nilisahau jambo moja. Mama yangu, Verediana, alifariki kule kwetu Rumonge tarehe nne Septemba. Habari ilinifikia saluni, nimeshika nywele za mteja, nikamalizia kichwa chake. Kwenda sikuweza, karatasi zangu unazijua, nikivuka mpaka sirudi. Jumapili yake nilisimama kanisani kutangaza misiba, nikatangaza ule wa shemeji wa Doudou, na wangu nikaukunja ndani ya karatasi ya matangazo, nikaketi. Mtangazaji ni mimi, sasa nani angenitangazia? Nimewashika wafiwa wa watu wiki nane, na hakuna aliyenishika mimi mpaka Jumamosi ile kwenye nyasi za Bertrand. Kile kitambaa chenye doa sijakifua, na sitaki kukifua.

Kwa hiyo mwache Bertrand na ushemasi wake, na hayo ya marufuku yafute. Jumamosi hii kuanzia saa kumi nitakuwa nyumbani, mlango uko wazi. Simwaliki mtu, msiba haualikwi. Aurélie aje na uso wowote alio nao. Bertrand alete viti na turubai, meno ayaache Westville. Mama Sikujua umwambie mapema kuhusu maharage, kwa sababu safari hii mimi sipiki.