Ng'ombe Wawili Mawinguni

Jumatatu, 3 Juni

Leo historia imeandikwa, na mshika kalamu ni mimi!

Bosi ametuita sote chumba cha mbele. Sote, yaani mimi na Miwani, maana ofisi yetu ya kuchapisha vitabu ina watu watatu na birika moja. Amesema kitabu cha Daktari lazima kifike kiwandani Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Tukichelewa, mtambo unaanza kuchapa madaftari ya shule na hatutaupata tena kwa miezi mitatu. Daktari ni daktari wa mifugo mstaafu. Kitabu chake cha kutunza ng'ombe wa maziwa kimemchukua miaka kumi na moja. Jumamosi ya wiki ijayo anakipeleka kwenye mkutano wa wafugaji. Ameshawaahidi. Suti ameshashona.

Kuanzia leo mafaili yote yatakaa mawinguni, yaani kwenye hifadhi ya mtandaoni. Ukiweka kitu kwenye folda ya pamoja hapa, kinatokea na kule. Ukikigusa kimoja, vyote vimeguswa. Bosi akauliza nani ataratibu. Miwani, msanifu wetu wa kurasa, akanyanyua mkono. Nikanyanyua miwili. Nimepata! Mambo yakienda vizuri nitapewa cheo rasmi cha Mratibu wa Mafaili.

Kompyuta ni nne, mifumo mitatu. Nyeusi mbili, yangu na ya Bosi. Nyeupe ya Miwani. Na ile ya Daktari nyumbani kwake, aliyowekewa mfumo wa bure na mkwe wake. Hazijawahi kuamkiana. Jioni nimekagua. Kwa Miwani sura tisa, kwangu sita. Sura tatu zimeyeyuka njiani. Nashuku hujuma.

Jumanne, 4 Juni

Si hujuma. Afadhali ingekuwa hujuma.

Daktari huyapa mafaili yake majina ya maswali. Mbona Hali? Je, Ana Mimba? Miwani amesema kompyuta nyeusi hazikubali alama ya kuuliza kwenye jina la faili, wala nukta mbili, ila zile nyingine zinakubali. Amesema hayo bila kuinua macho. Nilikuwa karibu kabisa kuligundua mwenyewe.

Nimeandika waraka: Kuanzia Leo Ni Marufuku Kuuliza. Mmoja ukutani, mmoja kwa Daktari kwa simu. Daktari akapiga palepale. Amesema ametibu ng'ombe miaka thelathini na minane na kazi yote ilikuwa kuuliza, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe hasemi. Nikampa shikamoo ya pili, nikamweleza ni majina ya mafaili tu. Akasema marahaba mwanangu, kama ni hivyo sawa, ila nimtunzie michoro yake. Iko themanini na minne. Ameichora kwa mkono wake. Karatasi zenyewe ziliozeshwa na bomba lililopasuka, na macho yake sasa yana ukungu, hawezi kuichora tena. Iliyomo kwenye kompyuta ndiyo hiyo hiyo. Nikamwambia asiwe na shaka, iko mikononi mwangu.

Majina yote nimeyabadilisha kabla ya chakula cha mchana. Sura tisa kila mahali! Nilipomsimulia mke wangu amesema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikamjibu kwamba bado hakuna aliyenisifu. Amesema ndiyo maana bado ana matumaini.

Jumatano, 5 Juni

Nimeamka na wazo. Mpangilio!

Nimejenga folda ndani ya folda. Mchoro wa kwato, kwa mfano. Kwanza Kazi za Ofisi, ndani yake Kazi za Mwaka Huu, ndani yake Vitabu Vinavyoendelea, ndani yake Vitabu Vinavyoendelea Vizuri, ndani yake Vilivyo Chini ya Usimamizi Wangu, na kuendelea hivyo hadi Kwato. Ngazi kumi na tatu. Nimezitazama kama mama anavyotazama watoto waliokwisha kuoga.

Saa tano Bosi amepiga kelele. Mchoro wa kwato haufunguki. Wa kiwele haufunguki. Miwani amesema njia ya faili imekuwa ndefu mno. Kompyuta huhesabu kila herufi kuanzia folda ya kwanza mpaka jina la faili lenyewe, na hizi nyeusi zikipita mia mbili na hamsini na kitu zinachoka. Bosi ameuliza kwa nini kwato ziwe mbali hivyo na ng'ombe mwenyewe. Hayo ni maswali ya mtu asiyejua uratibu.

Nimepunguza. Vitabu Vinavyoendelea Vizuri, nje. Kazi za Mwaka Huu, nje. Ya mwisho kuondoka ilikuwa Vilivyo Chini ya Usimamizi Wangu, na iliniuma. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kesho nasafisha kabisa.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeona jambo la ajabu. Folda mbili za michoro, pamoja, na zote zinaitwa Ng'ombe. Herufi kwa herufi!

Haiwezekani. Hakuna kompyuta inayokubali folda mbili za jina moja mahali pamoja, hilo hata mke wangu analijua. Kwa hiyo moja ni kivuli tu, takataka iliyobaki wakati kompyuta zikilandana. Ningeweza kuuliza. Lakini Miwani alikuwa anakunywa chai kwa namna ya mtu anayesubiri kuulizwa.

Nimefuta moja.

Baada ya dakika tatu Miwani amesimama. Michoro arobaini na mmoja haipo kwake. Kwa Bosi haipo. Kisha Daktari akapiga simu. Alikuwa anaitazama kwa kioo cha kukuzia, na imetoweka mbele yake mmoja baada ya mwingine, akadhani macho ndiyo yamefika mwisho wake. Sauti ilimtetemeka. Sitaki kuandika zaidi kuhusu hilo.

Nikachukua hatua! Nimechomoa kisanduku cha intaneti ukutani, nikakitia kwenye droo yangu, nikatangaza kwamba mtandao umekatika mtaa mzima. Lengo ni kuzuia madhara yasisambae. Miwani akachungulia dirishani. Duka la mkabala walikuwa wanacheka na mtu kwenye simu ya video. Bosi alisema kesho saa sita ni kesho saa sita, akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Ijumaa, 7 Juni

Saa mbili asubuhi Miwani amefungua droo yangu akitafuta stepla.

Amesema njia ya mwongo ni fupi. Nikamkumbusha kwamba juzi tu alisema yangu ni ndefu mno, sasa achague. Hakucheka.

Amekichomeka kisanduku, ameingia kwenye pipa la taka la mawinguni. Kumbe huko nako kuna pipa la taka! Vitu vilivyofutwa hulala humo siku thelathini vikingoja huruma. Michoro yote arobaini na mmoja imerudi. Nimekaa chini.

Kisha ametuonyesha chanzo. Ritifaa! Kile kijialama kinachokaa kati ya ng na ombe. Kompyuta ya Daktari hukisimamisha wima kama msumari. Ya Miwani hukipinda kama mkia. Kwa macho yetu ni ng'ombe yule yule, kwa kompyuta ni ng'ombe wawili wasiojuana. Nusu ya michoro ilikuwa kwa huyu na nusu kwa yule. Daktari angekuwa mtu wa mbuzi, haya yote yasingetokea.

Miwani ameziunganisha folda, kitabu kimefika kiwandani saa sita kasoro dakika ishirini. Bosi ametushukuru sote kwa pamoja. Cheo amekiahirisha. Daktari amempigia Miwani kumwambia Mungu akuzidishie, binti yangu. Nilipopewa simu aliniuliza kama nami nilikuwepo.

Wote wameridhika. Mimi peke yangu naona kwamba adui bado yuko hai. Ritifaa zimejaa ndani ya kitabu!

Jumatatu, 10 Juni

Bahati! Miwani ana ruhusa, Bosi ana kikao, nimetumwa kiwandani kutia saini nakala ya mfano. Saini tu. Bosi amelisema hilo mara mbili.

Mpiga chapa, baba wa makamo mwenye vidole vyeusi vya wino, amenionyesha kasoro. Kila penye ritifaa iliyopinda, mtambo wao unatoa kijisanduku kitupu. Amesema ni mambo ya fonti, yaani muundo wa herufi, kazi ya dakika tano, nimpigie yule dada wa miwani.

Simu ilikuwa mkononi. Nikairudisha mfukoni. Kuna lipi ataniambia nisilolijua? Nikamwambia aziondoe. Akauliza, zilizopinda? Nikasema zote, isije ikabaki mbegu. Akauliza kama mamlaka hayo ninayo. Nikamwambia mimi ndiye Mratibu.

Amebonyeza. Ritifaa elfu moja mia tatu na kumi na mbili, kwa pigo moja! Nimetia saini kubwa.

Ijumaa, 14 Juni

Vitabu mia tatu vimefika. Daktari alikuja na suti yake, akasimama kando ya boksi akisubiri kama bwana harusi. Bosi akampa cha kwanza.

Jaladani: KUMTUNZA NGOMBE WA MAZIWA.

Daktari alikisogeza karibu na macho, akakipeleka mbali, akakirudisha. Labda alidhani ni ule ukungu wake. Akampa Miwani amsomee. Miwani akafungua katikati, akasoma kama kilivyo: Ngombe akingata ulimi na macho yasipongaa, usingangane naye. Akakifunga.

Daktari alisema miaka kumi na moja amemwandika mnyama huyu, na leo amemfikia hana hata jina. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Nimeona aibu, aibu ya kweli, si ile ya kushikwa tu. Nilitaka kusema kitu lakini kilichokuja mdomoni kilikuwa pole, nayo haikutosha.

Bosi akauliza nani alitia saini. Hakuhitaji kuuliza. Saini yangu inaonekana ukiwa mlangoni.

Mkutano ni kesho, kuchapa upya haiwezekani. Miwani akatoa kalamu nne nyeusi. Tumekaa mezani sote wanne, tukachora ritifaa kwa mkono, moja jaladani na moja kwenye kichwa cha kila sura. Yaliyobaki Daktari atawaeleza wafugaji kwa mdomo, na amesema kwa bahati nzuri ng'ombe wenyewe hawasomi. Aliinama pua ikigusa karatasi. Miwani alikuwa anamwonyesha mahali kwa ncha ya kidole. Mkono wangu umekufa ganzi na sikuthubutu kulalamika.

Bosi ameeleza kwamba toleo la pili litachapwa baada ya miezi mitatu, kutoka kwenye faili zima alilohifadhi Miwani mawinguni. Kisha akaniangalia, akasema nisiguse chochote. Cheo hakikutajwa.

Jumamosi, 15 Juni

Wote wamekwenda mkutanoni. Mimi nimeachwa nilinde ofisi.

Saa nne Bosi amepiga simu. Vitabu vinagombaniwa. Wafugaji wanadhani ritifaa ya mkono ni sahihi ya Daktari mwenyewe, na kila mmoja anataka aone yake. Nyuma yake nilimsikia Daktari anacheka. Roho yangu imetulia. Nikaazimia kumlipa mzee yule wema kwa vitendo, leo hii, kabla hawajarudi.

Na nimepata njia! Kilichoondolewa kwa pigo moja hurudishwa kwa pigo moja. Nimefungua lile faili lisilo na ritifaa, ambalo kiwanda kiliturudishia pamoja na vitabu. Nimeiamuru kompyuta kwamba kila penye ng iweke ng'. Imetii bila swali. Nimekagua ukurasa wa kwanza. Utang'ulizi. Namshukuru mke wang'u na watoto wang'u. Inasomeka kwa uzito fulani.

Nilipotaka kulihifadhi nikakuta faili jingine mahali pale pale, la Miwani, jina lile lile. Mawili tena! Wiki mbili hizi zimenifundisha madhara ya mawili. Nimeliweka langu juu ya lake, limebaki moja. Pipa la taka la mawinguni nimelimwaga lote, kisije kikafufuka kitu humo. Baada ya dakika moja kompyuta zote nne zilikuwa na kitabu kimoja, sawasawa, bila tofauti ya hata herufi. Jambo hilo halijawahi kutokea ofisini kwetu.

Hesabu ya mwisho naiandika hapa kwa ajili ya watakaokuja. Ritifaa nilizoondoa ni elfu moja mia tatu na kumi na mbili. Nilizorudisha ni elfu tisa mia sita na arobaini.