Nilivyomsuta Bosi Ndani ya Kioo Kisichopitisha Sauti

Leo nimejichoresha jamani. Tena mchana kweupe, kanga kiunoni, mdomo nimeubinua. Nawasimulia, ila hasira bado ninazo, msinijaribu.

Kwa msiojua, nafanya kazi kwenye duka la alumini na vioo huku Temeke. Tunagawa ofisi za watu kwa vioo. Mie niko mapokezi. Katikati ya duka kuna chumba cha mfano, kidogo kama choo cha nje (msimwambie bosi), kuta zote ni vioo, viwili viwili vimeachana kidogo, na mlango umezungushiwa mpira. Mtu akiwa ndani hata apige mayowe, wewe wa nje unamwona anachezesha mdomo tu kama samaki. Ndicho tunachouza: mabosi waseme siri zao, wafanyakazi wasisikie.

Sasa mie nina mtoto wa miezi minne, Imrani. Kikombe hataki, chupa anaitema, anataka titi tu kama ana mkataba nalo. Anashinda na mama yangu, dakika kumi kwa bodaboda. Sheria inasema anayenyonyesha apewe muda wa kutoka kila siku. Nimemwomba bosi, Mzee Nassor, wiki ya tatu hii. Na wala si mzee mkatili, ndiyo kinachoniuma. Ukimwomba kitu anafunga jicho moja, anapandisha suruali mpaka kitovuni, ananyanyua kidole: "Subiri, binti. Subiri kwanza."

Leo asubuhi nikamwambia, "Mzee, mtoto hasubiri."

Kidole juu. "Subiri kwanza."

Na leo ni Ijumaa, mchana wanaume wote wakaenda msikitini. Geti likashushwa, nikabaki peke yangu na vioo. Simu ikaita. Mama, na nyuma yake namsikia Imrani analia.

"Huyu mwanao amelia mpaka sauti imekauka. Unakuja au huji?"

"Mama, sijapewa ruhusa."

"Na nani? Kwani huyo bosi wako alipokuwa mtoto alinyonya nini? Soda?"

Akakata. Mnaonyonyesha mnajua: mtoto akilia, maziwa hayaulizi uko wapi. Blauzi ikalowa, madoa mawili, kila moja kubwa kama kisosi. Hapo damu ikapanda kichwani.

Nikasema leo namsuta huyu mzee. Ila mie si mwehu. Kumsuta bosi mbele yake ni kuaga kazi, na kumsuta kimoyomoyo hakushibishi. Akili ikanionyesha kile chumba. Nikifunga mlango, hata nikipasuka koo, jirani hajui. (Akili yangu mwenyewe hiyo, sijaazima.)

Nikaingia. Mzee hupumzikaga humo, na koti lake lilikuwa limetundikwa kwenye kiti. Nikaligeuza linitazame. Nikatoa kanga kwenye mkoba, nikajifunga kiuno. Nikaanza.

Nyie, nilisuta! Nilifungua na kigelegele. Nikafunga jicho moja, nikapandisha suruali ya hewani mpaka kifuani, kidole juu: "Subiri, binti!" Nikatembea mwendo wake, ule wa bata aliyeshiba. Nikalirudia koti, mikono kiunoni, mdomo nikaupeleka kulia, nikaurudisha kushoto. "Mtoto wa mwenzio asubiri, kwani wako walisubiri?" Nikajishika matiti yote mawili, nikalielekezea koti. "Haya nimkamulie nani? Nikukamulie wewe kwenye kahawa?" Kisha nikaligeuzia mgongo, nikakata kiuno, taratibu, mpaka chini kabisa, kama niko ngomani mwali anatolewa.

Sasa kosa langu ni hili. Mwaka wa pili huu nawaambia wateja sauti ya ndani haitoki. Sikuwahi hata siku moja kufikiri kwamba basi na ya nje haiingii! Sikusikia geti likipandishwa. Sikusikia salamu. Sikumsikia Mzee Nassor akibisha kwenye kioo, na wanasema alibisha mara tatu.

Nikainuka kutoka huko chini. Nikageuka.

Mzee Nassor. Kanzu nyeupe, mdomo wazi. Kulia kwake wanaume wawili wa makamo, kofia za msikitini kichwani. Kushoto mama mmoja mnene wa baibui, amesogea mpaka pua imegusa kioo. Wateja hao, amekutana nao nje ya msikiti akawaleta waone kazi. Na mie mkono mmoja ulikuwa umerudi kwenye titi.

Nikakimbilia mlango, nikausukuma. Wapi! Nikausukuma kwa bega. Wapi! Mama wa baibui akawa ananionyesha kwa mikono: vuta, mwanangu, vuta. (Mlango ninaouza mwenyewe.)

Nikatoka. "Shikamoo, Mzee." Sijui kwa nini. Asubuhi nilishamwamkia.

"Marahaba," akajibu, hajui aweke wapi macho. Ila mfanyabiashara ni mfanyabiashara. Akawageukia wageni: "Mmesikia chochote?"

"Hatujasikia," akasema mwanaume mmoja, anaangalia sakafu.

"Hata neno?"

"Hata neno."

"Basi kioo ndiyo hiki."

Mama wa baibui akacheka mpaka akashika meza yangu. "Kusikia hatujasikia, Nassor. Kwani kabakisha nini? Huyu ana mtoto mchanga, anaomba akamnyonyeshe, na wewe unamwambia hivi." Akafunga jicho moja, akanyanyua kidole. Yaani ananiigiza mie ninavyomwigiza Mzee! "Mie nimezaliwa huku huku. Tangu lini msuto ukahitaji masikio?"

"Sijamkatalia," Mzee akasema. "Nilimwambia tu..." Kidole kikaanza kupanda. Akakiona. Akakishusha, akakificha kwenye mfuko wa kanzu.

Mie najifunika kifua kwa kanga, naihesabu kazi imeshakwenda.

"Nenda," akasema.

Machozi yakanilenga. Nikachukua mkoba.

"Nenda kamnyonyeshe, saa tisa uwe umerudi. Na kila siku iwe hivyo hivyo."

Nimefika getini, akaniita. "Binti."

"Abee, Mzee."

"Hivi mie natembea vile?"

Nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Mama wa baibui akanisaidia: "Vile vile, Nassor. Tena kakupunguzia."

Na vioo wamenunua, nimewaacha wanalipa! Yule mama anafungua ofisi ya kusuluhisha ndoa huko Chamazi, anasema watu wake wana kelele.

Sasa niko nyumbani, nimebakiwa na nusu saa kabla ya kurudi kutazamana na yule mzee. Mama nimemsimulia, kaanguka mkekani mpaka sasa hajainuka. Ambaye hajanicheka ni Imrani peke yake, na ni kwa kuwa mdomo umejaa.