Mbayuwayu na Tangi la Lita Elfu Mbili

Jumatatu, 7 Oktoba

Siku ya tisa leo mke wangu Faidha yuko kwa mama yake, kijijini Mnyambe. Alisema bila hata kupandisha sauti: ameolewa na mimi, hakuolewa na ndoo. Siku nikipata tangi la maji atarudi. Nyumba imepoa. Naongea na sufuria.

Leo Mungu kafungua mlango. Soko la zamani limebomolewa, na wale mbayuwayu weusi wenye kiuno cheupe waliokuwa wakijenga mle wamekosa pa kukaa. Mwalimu Theodora, mstaafu, ameunda kamati: kila nyumba itundike vikasha vya mbao chini ya paa. Nyumba itakayopata viota vingi zaidi itazawadiwa tangi la lita elfu mbili. Nimetundika kumi na vinne. Jirani yangu Erasto katundika vitano. Nimemcheka mpaka nikapaliwa.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimemwaga mtama uani kuwavuta. Wamekuja kuku wa mtaa mzima, jogoo wa Erasto mbele. Mwalimu Theodora kapita, nikampa shikamoo, akaniambia mbayuwayu hawali nafaka. Wanakula wadudu, tena hukohuko angani, na chini hawatui. Si angesema mapema? Kasema wengine huwaita kwa kuwapigia sauti za wenzao. Hilo nimelishika.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimeazima spika ya harusi. Nimeweka sauti za mbayuwayu kwenye simu, nikapanda juu ya pipa kuielekeza spika juu. Wawili wakaanza kuzunguka. Simu ikaita, ikajipokea yenyewe. Mama mkwe. Sauti yake ikasikika mpaka sokoni, akiuliza kama nimefua mashuka tangu mwanawe aondoke.

Mkwe hakatiwi simu. Nikamwamkia kutoka juu ya pipa. Mtaa mzima ukaitikia marahaba. Mbayuwayu wamekimbia, na mashuka sijafua.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimetumia akili. Wanataka wadudu? Nimekusanya mabibo ndoo sita, nikayaponda, nikayaacha yachache tangu juzi. Inzi wakaja wingu zima. Na mbayuwayu wakaja, wallahi, wanapita juu ya kichwa changu midomo wazi! Nililia, siandiki uongo.

Kufika alasiri harufu imefika stendi. Watu wakaja na vikombe, wakidhani nimefungua kilabu cha uraka, pombe ya mabibo. Nikawaeleza kwamba hayo ni ya ndege. Mzee mmoja akasema yeye pia ni ndege, akachota. Imamu alipita, akazitazama ndoo, akanitazama mimi, akasema tuombeane. Mgambo wakaja kumwaga yote. Kwa zile kelele mbayuwayu wakahamia kwa Erasto. Kwake kulikuwa kimya, maana alikuwa kwangu na kikombe.

Ijumaa, 8 Novemba

Kamati imehesabu. Erasto viota vitano. Mimi kimoja, cha nyigu. Nilijaribu kueleza kwamba nyigu naye anaruka. Mwalimu Theodora alifunga daftari.

Nilikaa kizingitini nimejiinamia. Erasto akaja. Kasema inzi walikuwa wangu, kwa hiyo tangi litakaa katikati ya nyumba zetu, koki moja upande wake, moja upande wangu. Nikampigia Faidha. Kabla ya magharibi kashuka kwenye bodaboda na mkungu wa ndizi. Kapika kisamvu. Nilikuwa nimesahau chakula kina chumvi. Ameniomba jambo moja tu: nisiguse ndege wa watu. Nimemwapia.

Jumamosi, 9 Novemba

Asubuhi, tunakunywa chai, Faidha kasema Baba Dorothy ana akili sana. Baba Dorothy ni Erasto. Kasema mara mbili.

Nimepiga hesabu. Mwalimu Theodora atarudi Jumatatu kuhakiki, ndipo tangi liletwe. Viota vitano. Vitatu vikihamia kwenye vikasha vyangu, mshindi mimi, na koki ya pili nitampa Erasto kwa hisani yangu. Faidha ataona nani ana akili. Kiapo nilichoapa kilikuwa cha ndege. Viota sikuvitaja.

Ngazi nimeazima kwa Erasto mwenyewe. Nimemwambia nataka kumzibia bati lake, kama shukrani. Ameguswa mpaka akanishika bega. Kesho atanishikia ngazi, na Faidha kasema atakuja kututazama.