Kilo Kumi za Kadibodi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mzee wa stoo anastaafu! Meneja ametutangazia asubuhi, mashine zote zimezimwa ili asikike. Atakayeshika nafasi yake lazima aweze kunyanyua boksi la karatasi, kilo ishirini na tano, kutoka sakafuni hadi rafu ya juu, peke yake. Mzee wa watu mgongo umemwishia kwa kazi hiyo. Jaribio ni Ijumaa ya wiki ijayo, mbele ya kiwanda kizima.

Naitaka stoo ile. Ina mlango wake, meza, dirisha, na kiti chenye mikono. Mimi nimejalidi vitabu miaka kumi na mmoja juu ya stuli, kulia kwangu kopo la gundi, kushoto kwangu mtu anayepumulia mdomo. Mpinzani ni mmoja tu: Msumari, wa mashine ya kukatia karatasi, tuliyempa jina hilo kwa wembamba wake. Nilipojiandikisha alinitazama mikono, akatabasamu. Kwa nini atabasamu? Hajawahi kunitabasamia tangu tujuane.

Nimerudi nyumbani na dambeli mbili za mitumba. Kila moja ni fimbo ya chuma, na visahani vya chuma vinavyovalishwa ncha zote mbili na kukazwa kwa nati. Aliyeniuzia aliniambia pole. Nimeliandika hilo.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Karatasi ya maelekezo inasema anza na kilo mbili, nyanyua mara kumi, pumzika, ongeza polepole. Polepole! Nina siku kumi. Nahisi karatasi hii imeandikwa na watu ambao tayari wana nguvu na hawataki tuwe wengi. Nimeanza na kilo kumi kila mkono.

Mkono wa kulia ulifika kiunoni. Wa kushoto haukuondoka. Kuna kitu kimelia begani. Mke wangu akasema nipunguze. Mama mkwe, ambaye yuko kwetu tangu alipoanguka bafuni akavunjika mkono, alikuwa sebuleni anachambua njegere. Akauliza kama ile sauti ilikuwa ya chuma au ya kwangu. Yule mama ananichunguza. Kila nikigeuka, macho yake yameshafika.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Leo hata kijiko kimenishinda. Kazini nimepaka gundi kwa mkono wa kushoto, vitabu viwili vimeshikana vikawa kimoja. Msumari amekuja kuniuliza nimepatwa na nini, kwa sauti ya upole. Upole wa nini?

Kisha saa ya chai akili ikafunguka. Msumari anakaa nyumba ya pili kutoka kwetu. Kila jioni anapita mbele ya dirisha letu. Kumbe sihitaji nguvu! Nahitaji yeye aamini ninazo, aogope, ajitoe. Nikibaki peke yangu, jaribio la nini tena?

Nimekata visahani vya kadibodi, ile ngumu ya majalada, matabaka sita kila kimoja. Nimevivisha kitambaa cheusi cha kujalidia, nimeviandika 10 kwa rangi nyeupe. Kazi safi, hata mshono hauonekani. Visahani vya kweli viko kwenye sanduku la viatu, juu ya kabati. Fimbo tupu na nati zake ni kilo moja tu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Ushindi! Saa kumi na mbili jioni, pazia wazi, fulana isiyo na mikono. Msumari akatokea. Nikanyanyua mara thelathini bila kuhema, kisha nikakumbuka kuhema. Alisimama kabisa. Alikuwa anahesabu, niliona midomo yake. Akanisalimia, akaondoka haraka.

Mke wangu naye ameona. Ameingia chumbani mara mbili kuchukua kitu, mara zote mbili ametoka mikono mitupu. Nadhani ni mapenzi.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Kuna mtu anagusa dambeli zangu. Niliziacha namba zikiwa zimeelekea ukutani. Leo zimeelekea mlangoni. Msumari ametuma mtu apime uzito!

Nikamwaga unga sakafuni, nikatoka kwenda sokoni. Kurudi, nyayo za kandambili kutoka dirishani hadi kitandani. Na ni kandambili zangu, naujua ule upande wa kisigino uliolika. Kwa hiyo adui ni mjanja kiasi cha kuvaa viatu vyangu ili nijishuku mwenyewe. Kwa dakika kama tano nilijishuku kweli.

Mke wangu amefagia ule unga huku akiuliza maswali. Nimemwambia ni wa mazoezi, wanyanyuaji hupaka viganjani. Akauliza kama wanapaka kilo nzima.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimeaga kwamba naenda kwa kinyozi. Nikazunguka, nikaingia kwa mlango wa jikoni, nikajifungia kabatini. Nusu saa na koti la mvua usoni. Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe! Kandambili zangu miguuni! Akachungulia dirishani, akavua mtandio, akashika dambeli zote mbili. Akanyanyua mara ishirini, anaimba.

Wakati wa chakula cha jioni akatangaza kwamba sasa ananyanyua kilo kumi kila mkono. Nikapaliwa. Mke wangu akashtuka, akasema mtaalamu wa viungo alimruhusu mama kilo moja tu, na kwamba mimi ndiye mwenye vyuma hivyo, nimkataze sasa hivi. Nikasema mama yuko salama. Akauliza nimejuaje. Nikaomba chumvi.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mama mkwe amemsimulia Msumari asubuhi alipokuwa anapita kwenda kazini. Msumari amewasimulia wote. Yule anayepumulia mdomo amecheka hadi akapumulia pua. Meneja amenipongeza kwa kumtunza mama vizuri.

Basi imekwisha. Kama bibi wa miaka sitini na nane mwenye mkono mbovu anaweza, nani ataniogopa mimi? Msumari hajajitoa na hatajitoa. Bega bado linauma. Zimebaki siku nne. Nina huzuni, nasema kweli, nilishaanza kujiona ndani ya stoo ile nimefunga mlango.

Ila kuna swali hakuna anayeliuliza. Mama mkwe na Msumari wameanza lini kuzungumza dirishani?

Jumatano, tarehe 12 Machi

Jioni nimeingia jikoni, nikamkuta mama mkwe ameinama juu ya mtungi wa gesi. Mtungi umejaa. Akasema anausogeza kidogo, kwa mtu wa kilo kumi huo ni mchezo. Kwa mkono ule, uliotolewa plasta juzi juzi! Nikaruka, nikaukumbatia mtungi, nikapiga kelele kwamba ni kadibodi, mama, vyote ni kadibodi.

Akajinyoosha taratibu. Hata hakuwa ameushika.

"Nimejua tangu siku ya kwanza, mwanangu," akasema. "Chuma hakinuki gundi."

Fimbo tupu ni kilo moja, ndicho kipimo alichopewa na mtaalamu, akaona nimemrahisishia. Ile kumi aliitangaza ili aone nitanyamaza hadi lini. Alidhani nitasema palepale mezani, kwa ajili ya mke wangu aliyekuwa na wasiwasi.

Kisha akanionyesha alivyofundishwa kunyanyua mzigo: unapiga goti, unaukumbatia kifuani, unasukuma kwa miguu, si kwa mgongo. Akashusha lile sanduku la viatu (kumbe analijua!) akatoa visahani vidogo vya kweli. Akasema tufanye pamoja, mimi kilo mbili, yeye moja yake.

"Na kesho mwambie meneja wako bega linauma, akuongezee wiki," akasema. "Atakusikiliza, akikuona unasema kweli."

Ushauri mzuri. Mzuri mno. Hakuna mtu anayetoa ushauri mzuri hivyo bila sababu. Nimemshukuru, nimesema kichwa kinaniuma, nimeenda kulala.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Nimepata mpango mwingine kabisa. Hauna kadibodi.

Saa ya chakula wote walikuwa nje. Nimeingia stoo, nimefungua boksi moja, nimetoa rimu zote kumi, nimelijaza mabaki yaliyokatwa na mashine ya Msumari mwenyewe. Mepesi kama mto wa kulalia. Nimelibandika upya kwa mkono wangu, na katika kubandika sina mpinzani humu ndani. Rimu nimezificha chini ya meza yangu na kuzifunika majalada. Boksi nimeliweka mbele ya mengine yote, ndilo nitakalolikuta kwanza.

Mama mkwe ameniuliza kama nimezungumza na meneja. Nimesema mambo yako sawa.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Meneja akasema aanze mdogo kwa umri. Mdogo ni Msumari! Miezi minne tu!

Akaenda moja kwa moja kwenye boksi la mbele. Akapiga goti. Akalikumbatia kifuani. (Nani kamfundisha hivyo? Najua nani kamfundisha.) Akajikaza hadi mishipa ya shingo ikamtoka, akasukuma. Boksi likapaa, nusura ligonge dari. Akalidaka, akaliweka rafuni, akabaki anatazama viganja vyake. Watu wakapiga makofi na miluzi. Meneja akasema hajawahi kuona kitu kama kile.

Mimi nikapata boksi la kweli. Lilifika magotini, likakaa kidogo, likashuka juu ya kidole gumba cha mguu. Ningesema nini? Kwamba lile lake lilikuwa jepesi? Wangeniuliza nimejuaje. Funguo amepewa yeye.

Nilirudi kwenye stuli yangu nikichechemea. Nimeumia, na si kidole peke yake. Nyumbani mama mkwe amenikanda kwa maji ya moto na hakuuliza kitu. Nami nimenyamaza, maana kila ninachomwambia kinafika nyumba ya pili.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Mambo yamegeuka! Msumari kama mkuu mpya ameanza kwa kuhesabu stoo nzima, boksi kwa boksi. Lile la rafu ya juu limekutwa limejaa mabaki. Rimu kumi hazipo. Meneja amefura. Akasema anataka mtu mmoja mwaminifu, anayeijua karatasi, achunguze wizi huu. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza sentensi. Nimepewa daftari, wiki moja, na ruhusa ya kukagua meza ya mtu yeyote.

Yangu nimeikagua kwanza, iko sawa.

Jioni nimekaa na daftari. Mke wangu ameuliza nimeanza na nani. Nimemsomea ushahidi wote. Mtu wa mwisho kulishika boksi lile ni Msumari, mbele ya macho ya watu wote. Lilimpaa mikononi. Alijua palepale kuna kitu hakiko sawa, na hakusema hata neno moja. Akapigiwa makofi kwa kilo ambazo hazikuwepo, akanyamaza, akapokea funguo. Mama mkwe akaacha kuchambua njegere.

Sijui watu wa namna hiyo hupataje usingizi.