Boti Yenye Majina Mawili

Jumamosi, 5 Julai
Nimeoa! Bado nashangaa kila asubuhi nikigeuka na kumkuta Gaudensia, binti wa Butiama, amelala kwangu hapa Makoko, mdomo wazi kidogo kama malaika aliyechoka. Na leo nimempa zawadi. Boti! Si mtumbwi wa injini kama wa jirani yangu Magige. Boti ya kisasa, haina pangaboi nje. Inanyonya maji tumboni na kuyatema nyuma kwa nguvu. Ilikuwa imezama mbele ya lile jiwe la ziwani lililopakwa nyeupe na kinyesi cha ndege. Nyavu za Magige zikakwama juu yake, vijana wakaivuta. Wiki nzima imekaa mchangani ikisubiri mwenye ndoto. Nimebadilishana nao kwa pikipiki yangu.

Mpango: kuwatembeza maharusi ziwani. Musoma nzima hakuna aliyewaza hivi!

Gaudensia ameuliza bila pikipiki tutakula nini. Nimemwambia mapenzi hayapandi pikipiki. Ameingia ndani akafunga mlango. Furaha imemzidi.

Jumapili, 6 Julai
Baada ya misa nimeandika GAUDENSIA kwa rangi nyekundu juu ya kifuniko cha injini. Kulikuwa na jina la zamani, limefifia: JENOVEVA. Nimelizika chini ya rangi nyeupe. Gaudensia akauliza kama huku kwetu ndivyo wanaume wanavyofanyaga, kumwandika mke juu ya kitu kilichokufa maji. Mahaba ya Butiama yana aibu!

Nimemwaga oili ya injini. Imetoka nyeupe kama chai ya maziwa. Nimesafisha, nimetia mpya.

Chini kabisa, penye giza, nimekuta samaki mdogo, furu. Mzima. Anatweta. Wiki nzima nchi kavu, na jua lote hili! Ameniangalia. Nimemrudisha ziwani. Sikumwambia mtu.

Jumanne, 8 Julai
Jina la zamani limerudi. Herufi J imetokeza chini ya rangi, kama mshipa chini ya ngozi. Nimepaka tena. Gaudensia ameniona. Akauliza Jenoveva ni nani. Nikasema ni boti. Akasema boti ni Gaudensia, nimesema mwenyewe, sasa huyo mwingine ni nani? Ana wivu! Nimefurahi sana. Kisha nimelala kwenye kochi.

Nimemwuliza Magige, maana habari za watu zote anazo yeye. Nilitegemea kicheko. Hakucheka. Akasema mwenye boti alihama baada ya msiba, basi. Akageukia nyavu zake. Nilipouliza tena akasema nyavu zina kazi nyingi.

Alhamisi, 10 Julai
Siku ya majaribio. Gaudensia alipanda, ingawa maji anayaogopa, kwa sababu nilipiga magoti mbele ya watu. Nikageuza ufunguo. Injini ikawaka! Ikanguruma mpaka bata wa Magige wakakimbilia jikoni kwake.

Boti haikusogea.

Nikasukuma mkono wa mafuta mpaka mwisho. Moshi, kelele, na sisi pale pale kama picha ya harusi. Magige akapaza sauti kutoka kwenye mtumbwi wake: “Bwana harusi, kamba umefungua?” Nilikuwa nimefungua! Watu wakacheka ufukwe mzima. Ndipo upepo ukatuchukua, taratibu, mpaka karibu na lile jiwe jeupe. Pale upepo ukakata. Ndege hawakuruka. Walituangalia tu.

Magige akaja kutuvuta. Injini nimezima, ufunguo uko mfukoni. Na shafti, ule mhimili wa chuma nyuma ya injini, ikaanza kuzunguka. Yenyewe! Polepole, kisha mbio, ikitoa sauti nyembamba, kama mwanamke anayebembeleza mtoto chumba cha pili. Gaudensia ndiye aliyeiona kwanza. Alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi kama samaki.

Tulipofika nchi kavu alifungasha. Yuko Bunda, kwa shangazi yake Petronila, huko Manyamanyama. Amesema atarudi siku kitu hicho kitakapoondoka. Kisipoondoka, nikae nacho.

Mto wake wa kulalia bado unanukia. Unanukia ziwa kidogo, sijui kwa nini.

Jumamosi, 12 Julai
Nimempigia Gaudensia simu nimsomee shairi. Akanikatiza kwenye ubeti wa kwanza. Akasema amewaza: kwao Butiama mkanda wa mashine ya kusaga ukikatika, injini inalia lakini jiwe halizunguki. Jiwe lenyewe ukilisukuma kwa mkono linazunguka bila shida. Basi na boti ni hivyo hivyo. Tulipovutwa, maji yaliingia tumboni yakaizungusha shafti. Kuna kitu kimekatika kati ya shafti na injini. “Lakini bado uiondoe,” akasema, akakata.

Uzuri na akili, vyote kwangu!

Nimefungua. Kweli! Raba inayounganisha injini na shafti imeoza, imekuwa uji mweusi. Kwa hiyo hakuna jini, hakuna Jenoveva. Nilicheka kwa sauti, peke yangu. Boti imefungwa, ziwa limetulia kama maziwa mgando. Mbele ya macho yangu shafti ikageuka kidogo, ikasimama.

Niliacha kucheka.

Jumapili, 13 Julai
Nimekata raba mpya kwenye tairi la lori, nimeikaza kwa bolti. Mpango mpya: kwa nini niiondoe boti iliyopona? Nitajirekodi kwa simu, Gaudensia aone imetulia kama ndama, arudi nyumbani.

Magige alikuja na ushauri. Eti boti hii haina frii kama gari, raba ikishaungana ukiwasha tu inaondoka, niifunge na niwe ndani. Wivu! Majuzi niliwasha ikasimama kama kanisa.

Nilisimama majini, kamba nimefungua ili picha ipendeze. Simu mkono huu, ufunguo mkono ule. Mkono wa mafuta ulikuwa bado pale nilipouacha Alhamisi, mwisho kabisa.

Nikanyoosha mkono, nikageuza ufunguo. Iliondoka bila mimi. Usukanini hakuna mtu! Ilikwenda moja kwa moja kwa Magige aliyekuwa kwenye mtumbwi wake, ikamzunguka kwa upole, kama mtu anayeijua njia, ikanyooka kuelekea jiwe jeupe. Haikuligonga. Ilizimika pale pale ilipotolewa, ikainamisha tako, ikashuka majini bila haraka. Magige alivua kofia.

Nimemtumia Gaudensia video. Amejibu: Imeondoka? Nakuja Jumanne.

Jumanne, 15 Julai
Anarudi! Nimefagia, nimechuma maua. Na tazama bahati: alfajiri kifuniko cha injini kimeletwa na mawimbi, kimelala mbele ya mlango wetu hasa, GAUDENSIA kwa rangi nyekundu, hata hakijapasuka! Ziwa limenirudishia jina la mke wangu. Nimekipigilia ukutani, juu ya kitanda chetu, upande anaolalia.

Herufi J inachungulia pembeni. Nimeipaka tena. Kifuniko bado kinadondosha maji, ingawa kimeshinda juani. Nimetegesha bakuli juu ya mto wake.

Namsikia uani. Atakosa maneno!